Hamood Amesafiri

Macho ya Bi Kheiria yalikuwa hayasomi tena yale maandishi madogo ya Kiarabu chini ya filamu, basi mjukuu wake Ruba alimsomea kwa Kiswahili. Ruba huyo, mzaliwa wa Ghubra, Maskati, Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni: cha kuombea chumvi na kugombana. Bibi yake hakulalamika. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Filamu ilihusu Myahudi mmoja aliyefungwa kambini zama za Wanazi. Asubuhi moja nduguye hakuonekana. Akamwendea askari, akamuuliza yuko wapi. Ruba akasoma jibu, akatafuta neno, akaokota la karibu.

"Anamwambia... ndugu yako amesafiri."

Kikombe cha kahawa kikagota mezani. "Kakwambia nani neno hilo?"

"Limeandikwa, Bibi. Rahhaluh. Yaani wamemchukua, wamempeleka."

Neno lile Bi Kheiria alilijua. Unguja, mwaka wa mapinduzi, alikuwa kigori aliyeshika kapu la chakula nyuma ya mama yake, langoni mwa gereza alimofungwa kaka yake. Askari hakulipokea. "Hamood amesafiri," alisema, akafunga lango. Hamood hakusafiri kokote, na mtaa mzima ulijua. Lakini mama aliling'ang'ania neno lile mpaka Maskati, mpaka akaingia nalo kaburini. Msafiri hasomewi khitma; husomewa maiti. Basi Hamood hakusomewa, na Bi Kheiria akanyamaza kwa kumheshimu mama, huku moyo ukimchoma miaka yote.

Kwenye filamu wafungwa walikuwa wamekusanyika nyuma ya vitanda vya mbao. Yule Myahudi akaanza kusoma kwa kunong'ona, wenzake wakaitikia.

"Wanasoma nini?"

"Wanamwombea nduguye, Bibi."

"Maiti iko wapi?"

"Hamna maiti."

Bi Kheiria akalia wala hakujificha. Wale, bunduki ziko mlangoni, wamemsomea mtu wao. Yeye ana sebule ya kukalisha ukoo mzima, ana misahafu, ana ubani, nani kamzuia? Alijionea haya.

"Nizime, Bibi?"

"Usizime. Mpigie mama yako simu. Mwambie nnataka khitma Alkhamisi, watu waje."

"Khitma ya nani?"

"Ya kaka yangu Hamood." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Na wakikuuliza, usiwaambie kasafiri. Waambie kauawa."