Nani Huyo "Tu"?

Mdogo wangu aliponiletea insha yake ya kuomba chuo cha biashara, nilijua leo nitasema mpaka mate yanikauke. Kazi yangu kampunini ni kusoma maombi ya kazi ya watu, na huyu bibie mwaka jana alikataliwa kwa kuwa hakunionyesha. Dirisha la maombi linafungwa leo jioni. Akikosa tena, ameapa hatajaribu tena maishani.

"Tulifungua tawi la pili la duka la magodoro," nikasoma kwa sauti. "Tuliongeza wateja. Tulipanga stoo upya. Nani huyo 'tu'?"

"Mimi na baba mdogo."

"Baba mdogo alifanya nini?"

Akafikiri. "Alikuwepo."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. "Sasa anayekwenda chuo ni wewe au yeye? Andika 'nilifungua'!"

"Dada, si nitaonekana najisifu? Na baba mdogo lazima aisome ndipo atie sahihi barua ya kunipendekeza."

"Mficha uchi hazai, mwenzangu. Andika!"

Tukazibadilisha zote. "Ni" yake mwenyewe ilikuwa moja tu, pale chuo kilipomtaka aeleze kosa lake: "Nilikosea kuagiza magodoro membamba, yakadoda." Iliniuma, jamani. Mazuri ni ya wote, baya ni lake peke yake! Nikaiacha tu, maana kosa walilitaka.

Alasiri baba mdogo akaja, barua yake mfukoni. Akavaa miwani, akasoma polepole.

"Nilifungua. Nilipanga. Nili, nili, nili," akasema.

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Bila sahihi ya mzee yule hakuna chuo, na aliyemponza binti wa watu ni mimi.

"Hapa pana uongo." Kidole chake kilikuwa kwenye magodoro membamba. "Haya niliyaagiza mimi. Wewe ulinikataza."

"Wewe ni mkubwa wangu, baba. Ningeandikaje?"

"Nilikufokea mbele ya wateja, ukanyamaza. Basi kosa lako ni huko kunyamaza. Liandike hilo."

Akavua miwani, akaifuta, wala haikuwa na vumbi. Kisha akakunjua barua yake, akaomba kalamu. Nilichungulia, mimi tena! Alikuwa ameandika: "Binti huyu hutusaidia dukani." Akapiga mstari juu ya "hutusaidia dukani," akaandika pembeni: "ndiye anayeendesha duka." Akaniambia niichape upya haraka. Nilipomletea, akatia sahihi bila kuisoma.

Halafu akakaa, mikono magotini, akimtazama mdogo wangu.

"Mama," akamwita taratibu, "hivi funguo za stoo huwa zinakaa wapi?"

Mdogo wangu alifungua kinywa amjibu, machozi yakamtangulia.