Mkaa Ulioamshwa

Mwaka 2014 mtu pekee aliyekuwa na bahari mjini Kasulu alikuwa Saady, muuza vitenge, na bahari yenyewe ilikuwa imegeuka chai.

Ilikuwa tangi la kioo lenye urefu wa hatua mbili, limekaa juu ya meza ya mninga nyuma ya dirisha la duka. Ndani yake mlikuwa na maji aliyoyachanganya mwenyewe kwa chumvi ya pakiti kutoka Dar, mawe ya tumbawe, tumbawe moja hai la rangi ya zambarau, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wateja walimwuliza kwa nini anahangaika na chumvi ya Dar wakati Uvinza iko hapo jirani tu. Saady aliwajibu kwamba chumvi ya Uvinza ni ya mchuzi. Wateja hao hao, wakisubiri kupimiwa kitenge, waliwaonea huruma samaki na kuwadondoshea makombo ya maandazi, na kuna mmoja, Mungu amsamehe, aliyetia kipande cha muhogo wa kuchoma. Ndipo maji yalipoanza kuwa ya njano, kisha ya kahawia, na tumbawe likajikunja kama mtu aliyenuna.

Msidhani Saady alikuwa tajiri wa kuchezea fedha. Alikuwa mtu wa mapenzi, na hilo ni gonjwa baya zaidi. Baba yake alikuwa wa Pangani, mama yake Muha wa Kabanga, na katika harusi moja huko Pangani alimwona Shadia, binti wa Mzee Rashid, muuza nazi. Alipopeleka posa, Mzee Rashid alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Binti yangu hajalala hata siku moja mahali pasipo bahari. Huko kwenu kuna bahari?"

Mtu mwenye akili angejibu hapana. Saady akajibu, "Ninayo nyumbani, baba."

Mzee akaiweka sawa kofia yake. "Basi tutakuja kuiona, mimi na yeye mwenyewe. Nikikuta uongo mmoja, tunageuza na basi lile lile."

Tangi lilinunuliwa wiki hiyo hiyo. Sasa siku ya kuja kwao ilikuwa karibu, na bahari ilikuwa chai ya rangi.

Mchana mmoja, alipoona mambo yamezidi, Saady alimpigia Yusuph, jamaa wa Dar aliyemuuzia samaki.

"Maji yako yamejaa uchafu ulioyeyuka," Yusuph akamwambia. "Unahitaji mkaa ulioamshwa."

"Umeamshwa na nani?"

"Kiwandani, bwana. Unachomwa kwa moto mkali, unapitishiwa mvuke, mpaka unakuwa na vitundu vidogo ambavyo hata huvioni. Uchafu ukipita unanasa humo. Nakutumia kopo."

Kwa vile Saady hakuwa na subira, siku ileile alikwenda kwa Nestori, muuza mkaa anayeleta magunia yake kutoka Kumsenga, akamwuliza kama ana mkaa ulioamshwa. Nestori akaona ametukanwa.

"Kwani wangu umelala?" akafoka. "Mkaa wangu unakesha! Waulize akina mama wote wa sokoni!"

Saady alinunua kopo moja kwa ajili ya heshima, akautwanga, akaujaribu kwenye ndoo ya maji. Ndoo ikawa wino. Nestori alipokuja kuangalia, alichungulia tangi badala ya ndoo, akatoa maoni yake: "Shida si mkaa, Saady. Samaki wako wanakojoa sana."

Kopo la Yusuph lilichelewa. Lilipitia Kigoma, likafika Kasulu siku ambayo Saady hakuwepo, kwa sababu alikuwa amekwenda Kibondo kuwapokea wageni. Basi lao kutoka Kahama lilikuwa linaishia hapo, na haikuwa heshima wakwe watafute gari la Kasulu wenyewe. Duka alikuwa amemwachia mama yake mdogo, Zena, mwanamke mnyoofu ambaye ukimtuma jambo hulifanya lote, hata lile ambalo hukulisema.

Saady alimpigia simu akiwa stendi ya Kibondo, mkono mmoja sikioni, mwingine ukiziba kelele za wapiga debe.

"Mama mdogo, kopo limefika?"

"Ego," Zena akaitikia ndiyo kwa Kiha, "limefika. Mkaa wenyewe mdogomdogo kama mtama! Wamekuibia, mwana wanje."

"Ndio wenyewe. Uoshe vizuri, kisha utie kwenye ile soksi nyeupe, uiweke ndani ya chujio, pale maji yanapopita."

"Niuwashe?"

"Eee, uoshe! Vizuri kabisa! Ukiutia hivyo hivyo utaharibu kila kitu."

"Na hapa kwenye kopo wameandika umeamshwa."

"Ndio huo huo!"

"Basi nimeelewa," akasema Zena, na mtandao ukakatika.

Basi likafika. Mzee Rashid alishuka kwanza, kanzu imejaa vumbi jekundu, kofia imekaa sawasawa. Nyuma yake akashuka Shadia, amejitanda mtandio wa kijani, anaangalia vilima upande huu na upande ule. Saady alitoa shikamoo yake, akapokea mabegi, akawa anatafuta neno zuri la kusema, simu ikalia.

"Mwana wanje, umekubali!" Zena alipiga kelele mpaka stendi nzima ikasikia. "Mwekundu kama nyanya! Na hauna moshi hata kidogo, ila una harufu nzuri. Sasa soksi si itaungua?"

Saady akaangusha begi la mgeni. "Umefanya nini?"

"Nimeuwasha! Si umesema niuwashe vizuri?"

"Osha!" akapiga ukelele. "Osha, mama mdogo! Siyo washa! Mwagia maji! Sasa hivi!"

Simuni ikasikika sauti ya kitu kikubwa kikizimika, pyaaaa, kisha Zena akikohoa, kisha simu ikakatika.

Mzee Rashid alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. "Kuna nini kinachowaka?"

"Bahari, baba," Saady akajibu kabla hajafikiri.

Mzee akamtazama. Akamtazama binti yake. Shadia alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakitikisika. Saady hakujua kama ni kicheko au kilio, na aliona aibu kuuliza.

Walilala Kibondo kwa rafiki yake Saady, kwani wageni walikuwa wamechoka. Zena alipopatikana tena kwenye simu alieleza, kwa unyonge, kwamba nusu ya mkaa ilikuwa imeshakuwa majivu. Ile nusu nyingine, iliyomwagiwa maji ikiwa nyekundu na kujaza mvuke jikoni kote, alikuwa ameiosha maji saba mpaka yakatoka meupe, akaitia kwenye soksi, soksi akaitia kwenye chujio. "Nimeosha mpaka vidole vimesinyaa," akasema. Saady alimshukuru kwa sauti ya mtu anayepokea rambirambi. Aliogopa kwelikweli. Alimpenda yule binti, na hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha duniani isipokuwa maji ya kahawia.

Kesho yake, njia nzima ya Kasulu, Mzee Rashid hakuzungumza isipokuwa kuuliza kila baada ya kilima, "Bado?" Walipofika, mbele ya duka palikuwa na watu kama thelathini, na Nestori mbele yao kama msimamizi. Saady akapenya, akaangalia dirishani.

Tangi lilikuwa tupu. Zena alikuwa ameyamwaga maji yote. Samaki walikuwa wananing'inia hewani.

Ilimchukua muda kung'amua kwamba samaki hawaning'inii hewani. Mmoja akageuka, akapiga mkia, na uso wa maji ukatikisika juu yake. Maji yalikuwepo. Yalikuwa meupe kiasi kwamba maua ya kitenge kilichotundikwa nyuma ya tangi yalihesabika. Tumbawe lilikuwa limenywea kidogo kwa kupigwa na mwanga ambao lilikuwa limeusahau, lakini zambarau yake ilikuwa zambarau.

"Nimeuamsha," akasema Zena kutoka mlangoni, kidevu juu.

Saady akakumbuka maneno ya Yusuph, moto mkali kisha mvuke, akaamua kutobishana naye maisha yake yote.

Mzee Rashid alisogea, akatumbukiza kidole, akakionja. Shadia naye akatumbukiza chake, akakionja, na macho yakamlenga machozi pale pale mbele ya watu. Mzee akaokota punje nyeusi iliyokuwa imebaki mezani, akaisugua, akainusa.

"Hiki kifuu," akasema. "Kifuu cha nazi hiki. Miaka arobaini navitupa." Kisha akageuka. "Huu mkaa unadumu muda gani?"

Watu wote walimtazama Saady. Nestori alimkonyeza aseme milele. Neno hilo lilikuwa jepesi, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na basi la kurudi lilikuwa bado limesimama stendi.

"Wiki tatu, baba. Nne zikizidi. Halafu unajaa, unachoka, na maji yanarudi kuwa chai. Usipobadilishwa, hata samaki huwaoni."

"Kwa hiyo umenitoa Pangani kuja kuona bahari ya wiki tatu."

"Ndiyo, baba."

Mzee Rashid aliangalia samaki, akaangalia mlango, akamwangalia binti yake. Shadia alikuwa anakunja mikono ya baibui lake mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama mtu aliyefika jikoni kwake.

"Baba, vifuu utakuwa unatuma," akasema. "Mama mdogo atavichoma viwe mkaa, atauamsha." Zena akaitikia ego. "Na mimi kila mwezi nitauosha." Akamgeukia Saady, na safari hii ilionekana wazi kwamba anacheka. "Nimesema nitauosha. Umesikia?"

"Nimesikia," akasema Saady.

Mzee Rashid akavuta kigoda, akaketi mbele ya tangi, akavua kofia yake kwa mara ya kwanza tangu Kahama.

"Magunia mangapi kwa mwaka?" akauliza.