Matuazi ya Muuza Urukususu

Marehemu Shehata alikuwa mwanafunzi bora kuliko wagonjwa wote waliowahi kufundishwa na Sista Inshirahi. Alikijua kidonge chake cha moyo kwa jina. Alijua kukimeza baada ya kufuturu, na kabla ya kukimeza ajishike kifundo cha mkono ahesabu mapigo. Yakiwa chini ya sitini, asimeze, arudi hospitali.

Alirudi siku ya ishirini ya Ramadhani. "Sista, leo umevaa manjano?"

Gauni lilikuwa jeupe pe. Inshirahi akacheka, akamwambia hayo ni macho ya njaa. Kabla ya alasiri Shehata alikuwa amefunikwa shuka.

Umanjano ule ulikuwa dalili ya kidonge kugeuka sumu, na chuoni Inshirahi alifundishwa hivyo. Nyumbani kwa marehemu walikuta jagi la urukususu, sharubati nyeusi ambayo watu wa mji wa Tanta, Misri, hufungulia saumu. Kila magharibi alimezea dawa nayo. Urukususu huondoa potasiamu mwilini, na moyo uliopungukiwa potasiamu haukiwezi kidonge kile. Inshirahi alimfundisha yote, ila hakumuuliza anakunywa nini.

Tangu hapo, kila akivaa gauni hulitazama mara mbili. Na muuza urukususu akipita chini ya dirisha akigonga matuazi yake ya shaba, mapigo anayoyahesabu humpotea vidoleni.

Mwaka huu matuazi hayakupita. Yalikuwa kitanda namba nane, kando ya mto wa Mzee Metwalli, aliyeyagonga miaka arobaini. Leo anaruhusiwa, na kidonge kilekile.

"Utafungulia nini, Mzee?" Inshirahi aliuliza.

"Kazi ya mikono yangu, binti yangu. Au unataka nife na kiu?"

Wodi ikacheka. Wagida, binti wa Mzee, akatoa chupa ya urukususu kikapuni. "Nimeiloweka mwenyewe tangu jana."

Inshirahi akaichukua, akaimwaga yote kwenye sinki.

"Hii na kidonge chako ni kaburi, Mzee. Imeshaua mtu mtaani kwako."

"Una wazimu wewe?" Wagida alisimama. "Miaka yote baba anawanywesha watu, leo umwite muuaji mbele za watu?"

Mkuu wa wauguzi akafika mbio. "Inshirahi, waombe radhi. Mgonjwa huelezwa kwa upole."

"Shehata nilimweleza kwa upole."

Mzee Metwalli akainua kichwa. "Shehata fundi viatu?"

"Huyo."

"Alipotoka hapa nilimpelekea jagi kila jioni," alisema taratibu. "Nilimwambia litamrudishia nguvu."

Mzee akalitazama gauni la Inshirahi, akalitazama sana.

"Unalionaje?" Inshirahi aliuliza.

"Jeupe."

Akayasukuma matuazi kwa binti yake. Kisha akaweka vidole viwili kifundoni, midomo ikaanza kuhesabu.

"Inshirahi," alisema mkuu, "nasubiri."

"Usisubiri. Andika barua yako ya kunishtaki, peleka unakotaka. Siombi radhi."