Gololi za Papai

Jikoni hotelini walimwita Mapambo, na jina hakulikataa, maana nani mwingine pale aliweza kuchonga tikiti likawa bata mwenye shingo? Lakini asubuhi hiyo alikuwa jikoni kwake, na mteja alikuwa binti yake wa miezi sita, ambaye alikuwa hajawahi kuonja tunda. Mlangoni alisimama mama mkwe, mikono kiunoni. Mkewe alikuwa amerudi kazini siku hiyo hiyo, na kwa kuwa Mapambo huingia zamu ya jioni, mchana mtoto ni wake. Bibi alishasema wazi: akimwona mkwe anababaika, anambeba mjukuu akakae kwake, na wazazi watakuwa wanakwenda kumsalimia mwisho wa wiki.

Mapambo akanawa mikono kwa sabuni, akaosha kisu na ubao, kisha akalisugua papai chini ya bomba.

"Ganda si unalitupa?" bibi akauliza. "Unaliogesha la nini?"

"Kisu kinaanzia kwenye ganda, mama. Uchafu wa nje kinauingiza ndani."

Bibi akaguna. Papai likamenywa, mbegu zikaondolewa zote, na hapo mazoea yakamteka. Mkono ukachukua kijiko cha kuchongea, ukazungusha, na kufumba na kufumbua sahani ikajaa gololi za papai, zote saizi moja, zinang'aa.

"Ala!" Bibi akasogea. "Kumbe una mkono hivi, baba! Mjukuu wangu atakula kama malkia."

Tangu aoe katika nyumba ile, hilo lilikuwa neno tamu la kwanza kulisikia kutoka kwa mama huyu. Kichwa kikamvimba. Akashika gololi moja amwonyeshe vizuri. Ikamponyoka vidoleni, ikaruka hadi sakafuni. Mapambo akaitazama ikibingirika. Kitu cha duara, chenye utelezi, na koo la mtoto lilivyo jembamba! Alikuwa karibu kumziba mwanawe pumzi kwa ajili ya urembo.

Akachukua uma, akaanza kuziponda.

"We! Unaharibu!"

"Naharibu, mama. Ikimkwama kooni, uzuri wake utatusaidia nini?"

Aliponda hadi hapakubaki donge hata moja, chakula ambacho hotelini kingemfukuzisha kazi. Akamkalisha mtoto wima, akampa kidogo kwenye ncha ya kijiko. Mtoto akakunja uso, ulimi ukalisukuma papai lote, likashuka kidevuni. Bibi akakohoa kile kikohozi cha "nilijua tu."

Mapambo hakulazimisha. Alifuta kidevu, akakisogeza kijiko karibu na midomo, akasubiri huku jasho likimtoka. Mtoto akakitazama. Akakidaka kwa mikono miwili, akakivuta kinywani mwenyewe, akameza, kisha akapiga meza kofi na kufoka akidai kingine!

"Anataka tena!" Mapambo akaruka, nusura apindue sahani.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, roho juu, anauliza kama mtoto amekula. Bibi akaipokonya kabla mkwe hajafungua mdomo.

"Fanya kazi yako, mwanangu," alisema. "Mtoto yuko na baba yake."