Pingamizi la Skolastika

Skolastika Ntahondi alikuwa ameanika dagaa Katonga, ufukweni Kigoma, miaka ishirini na sita, na kila uchaguzi alipiga kura bila kuulizwa lolote. Mwaka huu jina lake likabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata: amewekewa pingamizi, eti ni Mrundi. Asipojitetea, anafutwa kwenye daftari la wapigakura.

Aliyeweka pingamizi hakutokea, wala hakutuma hata kikaratasi. Mezani alikaa ofisa wa uandikishaji, Rodgers, kijana mpole aliyehamishiwa Kigoma miezi mitatu tu iliyopita, akisoma cheti cha ubatizo cha Skolastika.

"Mama, baba yako ni Samson Kilayi. Wewe Ntahondi. Jina la ukoo liko wapi?"

"Sisi Waha wa zamani hatukuwa na jina la ukoo, mwanangu. Kila mtoto alipewa lake."

"Hata Warundi hufanya hivyohivyo," Rodgers akasema, akachukua kalamu.

"Usiandike kwanza. Katiba inasema nisikilizwe, na sijamaliza. Mdogo wangu yuko hapo mlangoni."

Elia alikuwa mlangoni kweli, kofia mkononi, na hakusogea. Yeye aliitwa Elia Ruhuza. Akikiri undugu mbele ya yule kijana, atakuwa amejitia kapu moja na dada yake: naye ataitwa Mrundi. Skolastika alimwona akitazama viatu vyake, na hilo lilimuuma kuliko pingamizi lenyewe.

Kisha Elia akaja, akaweka kitambulisho chake mezani.

"Baba mmoja, mama mmoja," alisema. "Ukimfuta huyu, nifute na mimi. Nimefundisha somo la Uraia miaka thelathini, sijui utawafanyaje wanafunzi wangu."

Rodgers alitaka kucheka, akajizuia. Akayatazama yale majina matatu yasiyofanana, akaitazama na fomu ya pingamizi isiyo na ushahidi wowote.

"Anayepinga ndiye wa kuthibitisha, na hajathibitisha," akasema. "Jina linabaki. Hongera, mama."

Skolastika aliaga kwa adabu zote. Walipofika barabarani machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge, yakatoka tena.

"Dada, unalia nini na umeshinda?"

"Nimeshinda nini, Elia? Asubuhi nimetoka nyumbani Mtanzania, na narudi Mtanzania."