Fyuzi ya Mzee Ezironi

Gari la kanisa lilizimika Kinyamaseke, njiani kutoka Bwera, saa nne asubuhi, katikati ya pambio. Kwanza spika zilikoroma, kisha moshi ukatoka chini ya dashibodi, kisha kila kitu kikafa: taa, injini, hata honi. Maate, dereva, aliliongoza hadi pembeni kwa mwendo uliobaki. Mchungaji Tukamushaba alishuka mbele, wanakwaya wawili wakaruka nje nyuma wakikohoa. Mzee Ezironi peke yake hakuwa na haraka ya kushuka, maana alijua moshi ule ulikotoka.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la mwaka themanini na saba, na shida zake zote mpya zilikuwa kazi ya mikono ya Ezironi. Mzee huyu aliwahi kushika waya migodini Kilembe enzi za ujana wake, na tangu hapo hakuna fundi aliyeweza kumwambia kitu. Mwezi wa sita mwaka huo, 2014, alivuka mpaka wa Kongo akarudi Bwera na amplifaya, spika mbili za kuhubiria sokoni, na taa mbili za nyongeza kwa ajili ya ukungu. Alizifunga mwenyewe. Fyuzi zikaanza kukatika, leo moja, kesho mbili. Ijumaa moja ya soko alikosa fyuzi madukani, watu wameshakusanyika kusubiri neno. Akatia mkono mfukoni, akachana karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaivingirisha kwenye fyuzi iliyoungua, akaipachika. Amplifaya ikanguruma. Akamshukuru Mungu.

Naam, pakiti ya sigara. Mzee wa kanisa, aliyeshuhudia mbele ya watu kwamba tumbaku aliiacha miaka kumi na mitano iliyopita! Alikuwa akivuta kwa siri ndani ya shamba lake la kahawa, akitafuna majani ya mpera kuua harufu, kisha akienda kufundisha Biblia. Mficha uchi hazai, lakini huyu alikuwa amezeeka akificha.

Lori la ndizi liliwavuta kwa kamba hadi Kasese, kwa Baluku, fundi wa umeme wa magari karibu na stendi ya teksi. Baluku hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipima betri, akaikuta nzima. Akachukua taa yake ndogo ya kupimia, akaifuata njia ya umeme kutoka kwenye betri hadi swichi ya ufunguo, na hapo taa ikagoma kuwaka. Akafungua kifuniko cha dashibodi. Waya zilikuwa zimeyeyuka na kushikana kama mishumaa iliyosahauliwa juani.

"Muziki hii nani alifunga?" akauliza.

"Ni mimi," Ezironi akajibu. "Na nilifunga vizuri."

"Kufunga si kosa, mzee. Lakini fyuzi kazi yake ni kufa ndio waya ipone. Hii yenu ilikatazwa kufa." Akaichomoa kwa koleo, akaiweka kiganjani. Karatasi ilikuwa nyeusi, ila kwenye kona moja chembe za tumbaku bado zimenata. Akanusa. "Mwenye kuweka hii anavuta sigara."

Macho yote yakamwendea Maate. Miaka miwili nyuma Maate alikuwa mlevi wa mpakani, moshi hauishi puani. Ezironi ndiye aliyemtoa mtaroni, akamlaza kwake, akamwombea mpaka akaokoka. Tena ndiye aliyepanda mlimani Mahango kumdhamini kwa baba yake Ronah, mchumba wake, na harusi ilikuwa imepangwa.

"Pasita, tangu niokoke sijagusa," Maate akasema. "Uliza Mzee. Yeye iko najua roho yangu."

Mchungaji akageuka. "Mzee Ezironi, huyu ni mwanao katika Bwana. Unasemaje?"

Ezironi alishika mfuko wa koti lake. Akilini aliona shamba lake la kahawa, aliona mimbari, aliona wajukuu wake wakinyooshewa vidole. "Vijana ni wa kuombewa," akasema.

Uongo hapo hakuna, ukitaka kuhesabu maneno. Lakini Maate alimtazama, akaitazama mifuko ya koti lake, akaacha kujitetea. Akamkabidhi mchungaji funguo.

Wengine walipokwenda kutafuta chai, Ezironi alimfuata Maate nyuma ya gari.

"Mwanangu..."

"Nilijua, Mzee. Tangu Pasaka harufu iko kwa koti yako."

"Mbona hukusema?"

"Mimi batu walishazoea kuniona naanguka. Weye ukianguka, bale batu uliokota mtaroni batashika nani?"

"Na Ronah?"

Maate alichukua kitambaa, akaanza kufuta masizi kwenye kioo. "Baba yake atasikia," akasema, akaendelea kufuta.

Ezironi alitamani kijana amtukane, ampige hata kofi. Siku tatu nafsi ilimsuta. Chakula kilimshinda, na shambani hakuthubutu kuingia.

Jumapili, Bwera, kanisa lilijaa. Ronah na baba yake walikuwa wameteremka kutoka mlimani, wamekaa benchi la tatu, na baba yule hakumsalimia mtu. Maate aliitwa mbele kutubu, akapiga magoti. Mchungaji akamwita Ezironi aje amwekee mkono mtoto wake aliyepotea.

Ezironi akaweka mkono kwenye kichwa cha Maate. Kilikuwa cha moto.

"Bwana," akaanza, "mtazame mtumishi wako aliyeanguka."

"Amina!" watu wakaitikia.

"Aliyevuta sigara mafichoni, akahubiri hadharani."

"Amina!"

"Aliyeunguza gari lako, akamwona mwenzake akibebeshwa kosa, akanyamaza."

Amina zikapungua. Baba yake Ronah akainua kichwa.

"Msamehe Ezironi."

Hakuna aliyeitikia. Mahali fulani mtoto alicheka, akanyamazishwa. Ezironi akauondoa mkono wake, akapiga magoti kwenye saruji kando ya Maate, akainamisha kichwa, akangoja mtu aje amwombee. Alingoja sana. Mchungaji alibaki ameshika Biblia, wazee wenzake wakitazama viatu vyao. Mkono uliokuja mwishowe ulikuwa wa Maate.