Kushika Kushoto

Celestino Barra alikwisha sema mbele ya watu, na mtu wa aina yake akishasema mbele ya watu ndiyo basi: ufunguo wa lori angemkabidhi binti yake, Damiana, siku atakapoleta leseni, si siku moja kabla. Aliyasema hayo kwenye sherehe ya mavuno ya kahawa, glasi mkononi, na madereva wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Damiana alikuwa mwanamke, na Celestino mwenyewe hakuwa na dalili ya kuchoka. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akipandisha machungwa na kahawa kutoka mabonde ya joto ya Yungas hadi mjini La Paz, juu milimani, akirudi na unga, viazi na abiria juu yake, na hakuwahi kuangusha hata gunia.

Wasichokijua wacheshi wale ni kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Damiana alijua. Aligundua siku moja wakinywa kahawa, aliposogeza kikombe cha baba yake kidogo upande wa kushoto, naye akakitafuta kwa kupapasa huku akiendelea kuzungumzia bei ya matairi. Damiana hakusema kitu, mzee naye hakusema kitu, wakaendelea kuishi hivyo, kila mmoja akijifanya mjinga.

Na jicho la kushoto si kitu kidogo kwenye njia ile. Kote nchini magari hushika kulia. Kwenye njia ya zamani ya Yungas, kuanzia kijiji cha Chuspipata kushuka chini, hushika kushoto. Anayepanda hubana mlimani, anayeshuka hupita ukingoni, na kwa kuwa usukani uko kushoto, dereva hutoa kichwa dirishani akaona mwenyewe gurudumu lake limebakiza udongo kiasi gani kabla ya shimo. Shimo lenyewe halina haja ya kuelezwa. Misalaba ipo kila kona, na hakuna ukoo wa huko usio na wake.

Kwa hiyo kwa mwaka mzima Damiana, aliyekuwa utingo wa baba yake, alishuka na lori lile akiwa amesimama kwenye kikanyagio nje ya mlango wa dereva, mgongo wake ukiangalia hewa tupu, akimsomea gurudumu: "Shibiri tatu. Mbili. Hapo hapo, baba." Abiria walimsifu kuwa ni utingo mwenye bidii. Yeye alijua kwamba siku akishikwa na homa akabaki kitandani, lori na watu wake wote wangeishia mtoni. Leseni hakuitaka kwa fahari. Aliitaka ili mzee ashuke kwenye kile kiti kabla hajaua watu, na ashuke bila kuaibika.

Celestino alimfundisha mwenyewe, tena alimfundisha vizuri mno, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mazoezi waliyafanya adhuhuri, lori likiwa tupu, kwenye njia ile ile. Kwanza mzee alidondoshea kila gurudumu matone ya pombe kali, sadaka kwa Mama Ardhi, kisha akajidondoshea na yeye kooni, kwa kipimo kikubwa zaidi. Halafu akakaa kando na kuanza kufoka. Klachi inaachiwa taratibu, mguu wako ni wa nyumbu au wa binadamu? Honi kabla ya kona, si ndani ya kona. Anayepanda ana haki, wewe unayeshuka ndiye unayerudi nyuma mpaka upate pa kumpisha, hata ikiwa ni mita mia mbili, na unarudi ukingoni, huku umetoa kichwa. Mwezi wa kwanza Damiana alilowa jasho hadi viatuni. Mwezi wa tatu alirudi nyuma kona mbili mfululizo bila kusimama, na mzee akanyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa sifa kubwa.

Upande wa kulia hawakuugusa. Huko juu kwenye lami kulikuwa na trafiki, naye hakuwa na karatasi yoyote. Isitoshe, Celestino aliona kushika kulia ni mambo ya watu wa mjini ambayo mtu hujifunza kwa kuangalia tu. Damiana alikisoma kijitabu cha sheria akiwa amekalia magunia, mpaka akazijua alama zote kwa moyo. Mikono yake haikusoma kijitabu.

Mtihani ulifanyika La Paz, asubuhi ya Alhamisi yenye baridi, kwa lori lile lile. Maswali ya kuandika aliyamaliza wa kwanza. Kisha akapanda mtahini, Sajini Limachi, mtu mnene wa maneno machache aliyeshikilia faili lake kifuani kana kwamba lingeibwa. Damiana alishika kulia kama alivyotakiwa, akijikumbusha kila taa, kila njia panda. Kwenye mlima alisimama na kuondoka tena bila lori kurudi nyuma hata kidole. Aliliingiza kati ya nguzo mbili kwa mkupuo mmoja. Sajini aliandika, akaandika, na moyo wa Damiana ukaanza kutulia. Kutulia huko ndiko kulikomponza.

Walikuwa wakishuka kichochoro chembamba kilichoinama, mtaro wazi upande wa kushoto, wakati gari la mkate lilipochomoza kwa chini likipanda. Damiana hakuwaza. Mwili wake ulifanya ulichokuwa umefanya miezi mitatu: akavuka kwenda kushoto, akatoa kichwa dirishani, akabana gurudumu kwenye mdomo wa mtaro, shibiri moja kamili, akasimama na kukunja kioo cha pembeni kumpisha anayepanda. Dereva wa mkate alikuwa amejibana upande ule ule, ambao kwa sheria ulikuwa wake, na sasa magari yalitazamana pua kwa pua. Alipiga honi, kisha akatoa maneno kuhusu mama yake Damiana.

Sajini alifunga faili.

"Binti, nani alikufundisha?"

"Baba yangu, afande."

"Dereva wa Yungas."

"Ndiyo."

"Inaonekana. Mwaka huu sijaona mtu aliyesimamisha lori kwa ustadi kama huo. Ila umelisimamisha upande wa watu wengine." Akamwambia arudi baada ya siku kumi na tano.

Baba yake alikuwa akimngoja kwenye yadi ya malori, abiria tisa wamekwisha panda juu ya viazi na unga. Damiana alimweleza yote bila kuficha. Celestino alianza kucheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani alitazama chini, na Damiana alitambua kwamba kilichomuuma mzee ni ule ufundishaji wake. Kisha mzee akasema siku kumi na tano si mwaka, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Kwenye lami hapakuwa na shida. Walipanda hadi kwenye theluji, wakateremka mpaka kwenye kizuizi cha barabarani, na trafiki akaitazama leseni ya Celestino, iliyokuwa na mhuri safi na picha yenye macho mawili, akawapa ishara wapite. Njia nzima Damiana alikuwa akihesabu: siku kumi na tano ni safari nne au tano. Na kama angeshindwa tena, nyingine tano. Walipofika Chuspipata, lami ikaisha na ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni, mzee akasimamisha lori ili binti yake atoke akasimame kwenye kikanyagio. Damiana alibaki kitini.

"Baba, leo sitoki."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sisimami tena pale. Leo wala siku nyingine."

Celestino akasema basi kaa ndani, hakuna aliyekulazimisha, akawasha injini na kuweka mikono kwenye usukani. Lori halikuondoka. Aligeuza shingo kushoto mpaka kidevu kikagusa bega, akatazama nje kwa jicho la kulia, akarudi kutazama mbele, akageuza tena. Abiria walianza kugonga paa kwa ngumi, wakiuliza kama dereva amelala. Damiana alimwonea huruma kiasi cha kutaka kuruka nje na kusimama pale pale alipoapa kutosimama. Alijishika kwenye kiti kwa mikono yote miwili.

Mwishowe mzee alizima injini. "Una roho ngumu wewe," alisema, bila kumtazama.

"Ninayo, baba."

Akashuka, akazunguka nyuma na kuwaambia abiria kwamba mgongo umemkaza, kwa hiyo binti yake ndiye atakayeendesha. Leseni hana. Anayetaka kushuka ashuke, hapa magari hayakosekani. Kuhusu jicho hakugusia hata kwa mbali. Doña Fidelia, mama muuza jibini ambaye hakuwahi kukubali jambo lolote kimyakimya, alitaka kujua kama ni kweli yale yaliyosemwa yadini, kwamba msichana amefeli.

"Asubuhi amefeli mtihani, na mchana mtihani ndio sisi?" aliuliza, na wengine wakacheka, lakini watatu waliteremsha mizigo yao. Mmoja wao, mwanamume ambaye Celestino alimbeba kwenye lori lile tangu akiwa tumboni mwa mama yake, alipita karibu na Damiana akamwambia kwamba kama angekuwa na aibu asingekubali kukalia kiti cha baba yake.

Damiana alikasirika, tena alikasirika sana. Mzee alikuwa amejiokoa yeye na kumwacha binti yake matopeni, mbele ya watu. Hata hivyo, ufunguo alioutaka ulikuwa mkononi mwake. Alikaa, akasogeza kiti mbele, akaanza kuliteremsha lori.

Njia ilikuwa na tope, naye aliijua njia. Alitoa kichwa, akalitazama gurudumu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alishuka na abiria bila hewa tupu mgongoni. Celestino alikaa upande wa mlima, mahali asipoona kitu ila jabali likipita karibu na pua yake. Hakufoka hata mara moja.

Kona ya nne, chini kidogo ya maporomoko ya maji, walikutana na Hilarion, mwenyekiti wa chama cha madereva, akipanda na shehena ya machungwa. Damiana alirudi nyuma mita sitini hadi palipotanuka, akabana ukingoni, akangoja. Hilarion alikuja polepole mpaka malori yakawa ubavu kwa ubavu, akaona nani yuko kwenye usukani, akasimama. Alijinyoosha hadi dirisha la upande wa pili wa lori lake, ana kwa ana na Celestino, na kumwuliza kama binti ameshapata karatasi.

"Bado. Leo amefeli."

"Na umempa usukani? Si wewe uliyeapa mbele yetu?"

Kutoka juu ya magunia Doña Fidelia alieleza kwamba mzee anaumwa mgongo. Hilarion alisema mgongo haujawahi kumshusha dereva wa Yungas. Kisha uso wake ukabadilika, akasema kwa sauti ya kikao kwamba kuna watu sita wenye roho mkononi juu ya lori lile, kwamba Jumapili atalipeleka jambo hili chamani, na msichana huyu hatagusa usukani kwenye njia hii, kwa leseni au bila leseni.

Habari ya jicho haikuwa ya Damiana kuisema. Alimtazama baba yake, na injini zote mbili zilikuwa zikinguruma.

"Sioni, Hilarion," alisema Celestino.

"Huoni nini?"

"Jicho la kushoto. Lilikufa Januari ya mwaka jana. Mara zote hizo ulizonikuta hapa nakupisha, aliyekuwa anaona ni huyu."

Hilarion alilitazama jicho lile kama mtu anayetafuta ufa kwenye kikombe. Kisha akarudi kwenye usukani wake, Jumapili hakuitaja tena, akaondoa lori taratibu sana, machungwa yakipita karibu kabisa na bega la Celestino. Juu ya magunia hakuna aliyesema neno, hata Doña Fidelia. Mzee aliweka mikono magotini akatazama mbele, na Damiana akaona kwamba analia, na kwamba jicho lililokufa nalo linatoa machozi. Alingoja lori la machungwa lipite lote, akatia gia ya kwanza.